Laptopu haishiki Wi-Fi chumbani: kagua haya kabla ya kununua kadi mpya

Ombi ninalolisikia mara nyingi kwenye meza yangu ya ufundi hapa Nairobi ni hili: "Fundi, laptopu inashika Wi-Fi sebuleni tu. Nikiingia chumbani inapotea. Niwekee kadi yenye nguvu." Wengine huja na kadi mkononi, wameinunua Luthuli Avenue asubuhi hiyo hiyo. Huniuma kumwambia mtu kwamba pesa zile hazikuhitajika. Kwa hiyo nimeziandika hapa dalili zinazojirudia, kila moja na vyanzo vyake, kinachotokea mara nyingi kikitangulia na ukaguzi usiogharimu kitu ukija kabla ya bisibisi.

Shika jambo moja tangu mwanzo, maana ndilo linaloamua karibu kila kitu hapa chini. Kadi ya Wi-Fi, kile kibao kidogo kilicho ndani ya laptopu, peke yake haisikii chochote. Kinachosikia ni antena, na antena za laptopu hazimo kwenye kadi. Katika laptopu nyingi ni vipande vyembamba vya chuma vilivyobandikwa pembezoni mwa skrini, na nyaya zake hupita ndani ya bawaba mpaka kwenye kadi iliyo upande wa chini. Kadi ghali iliyounganishwa na antena mbovu itasikia kama ile ya zamani.

Kwanza pima

Nenda pale panapokusumbua. Weka simu juu ya kibodi ya laptopu, vyote viwili viwe kwenye mtandao mmoja, kisha fungua ukurasa uleule. Simu ikifungua vizuri na laptopu ikasuasua, tatizo liko kwenye laptopu, endelea kusoma. Vyote viwili vikisuasua, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho, kwa sababu hakuna kadi itakayokuokoa.

Sasa pata namba, maana ile mistari ya pembeni mwa skrini hudanganya. Kwenye Windows fungua Command Prompt na uandike:

netsh wlan show interfaces

Windows 11 za karibuni zinaweza kukudai uwashe huduma ya mahali kwanza, iwashe. Kisha soma mistari mitatu. Signal ni asilimia: 80 kwenda juu ni nzuri, 50 ni kama dBm -75 (kipimo cha nguvu ya ishara), yaani uko ukingoni, na chini ya 40 tarajia kukatika. Channel inakuonyesha bendi, yaani masafa ya redio: 1 hadi 13 ni GHz 2.4, kuanzia 36 kwenda juu kwa kawaida ni GHz 5. Receive rate ndio mstari ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unafichua idadi ya antena bila kufungua skrubu hata moja. Kaa mita moja au mbili kutoka kwa ruta, cheza video, kisha rudia amri. Kwenye GHz 2.4, kadi ya kizazi cha 802.11n (Wi-Fi 4) yenye antena moja haivuki Mbps 72, na ya antena mbili hufika 144. Ruta ikitumia chaneli pana, namba hizo huwa 150 na 300. Kwenye GHz 5, kadi za kizazi cha 802.11ac (Wi-Fi 5) hukwama 433 zikiwa na antena moja na hufika 867 zikiwa na mbili, mradi ruta nayo ina antena mbili za bendi hiyo.

Ziandike namba hizo mahali, za karibu na ruta na za chumbani. Utazihitaji baadaye kujua kama ulichofanya kimesaidia. Ukipima chumbani, sogeza laptopu upana wa kiganja mara mbili tatu kabla hujaandika. Wimbi la GHz 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi na la GHz 5 kama 6, na mawimbi yanayogonga kuta na kurudi huacha sehemu zilizokufa ndogo kiasi hicho. Nimeona namba ikiruka kutoka 40 hadi 60 kwa kuivuta laptopu tu hadi ukingo wa meza.

Karibu na ruta iko sawa, hatua tano mbele imepotea

Chanzo kinachoongoza ni waya wa antena uliochomoka. Utashangaa jinsi laptopu isiyo na antena inavyoweza kuonyesha mistari yote ukiwa kando ya ruta. Kipande cha waya ubaoni kinatosha kwa mita moja. Ukienda nyuma ya ukuta mmoja, kwisha.

Uliza historia ya mashine kabla ya kuifungua. Mama mmoja kutoka Umoja aliniletea laptopu ya kijana wake wa chuo, pamoja na kadi mpya ndani ya bahasha. Nikamuuliza, "Mama, hii skrini imewahi kubadilishwa?" Akasema ndiyo, mwezi uliopita, huko mjini. Nikatoa kava la chini. Kadi ya zamani ilikuwa mahali pake, waya mweusi umeshikwa, lakini mweupe ulikuwa umelala pembeni chini ya utepe wa plastiki, kichwa chake kidogo cha dhahabu kikiwa safi kabisa. Aliyebadilisha skrini aliuchomoa ili autoe mfuniko na hakuurudisha. Niliuweka juu ya kitundu chake, nikaubonyeza kwa ukucha mpaka ukasema *tik*. Kipimo cha karibu na ruta kikapanda kutoka 72 hadi 144. Ile kadi ya bahasha alirudi nayo dukani, na kwa bahati wakamrudishia pesa.

Laptopu zilizotumika zinazoingia kutoka nje, zile tunazoita ex-UK, zina historia kama hiyo pia: zimefunguliwa, zimesafishwa, zimebadilishwa diski, na mahali fulani njiani waya ukaachwa.

Chanzo cha pili ni kadi yenye antena moja tangu kiwandani. Laptopu nyingi za bei nafuu za miaka ya 2013 hadi 2017 zilikuja hivyo. Jina la kadi utaliona kwenye Device Manager, chini ya Network adapters. Ukikuta Realtek RTL8723BE, Broadcom BCM43142 au Intel 3165, hiyo ni ya antena moja. Hapa kadi mpya inaweza kusaidia kweli, lakini angalia kwanza kama ndani ya mashine kuna waya wa pili. Mara nyingine upo, umefungwa utepe, unasubiri. Mara nyingine haupo, na kadi ya antena mbili itabaki na kitundu kimoja kitupu.

RTL8723BE inastahili neno lake. Kwenye Linux, draiva (programu inayoendesha kadi) mara nyingi husikiliza kitundu ambacho hakina waya, na ishara inakuwa hafifu kupita kiasi. Tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d/ yenye mstari huu, uwashe upya, na isipofaa jaribu 1 badala ya 2:

options rtl8723be ant_sel=2

Wanafunzi kadhaa wameondoka kwangu wakitabasamu kwa mstari huo tu.

Chanzo cha tatu ni waya uliokatika au kubanwa ndani ya bawaba. Cheza video, kisha fungua na kufunga skrini polepole huku ukirudia ile amri. Asilimia ikipanda na kushuka kwa kufuata skrini, waya umechoka. Hapa simama. Kazi hii inahitaji kufungua skrini yote, na vioo vingi hupasukia kwenye hatua hiyo. Mpe fundi.

Kadi yenyewe kufa nusu, yaani ikasikia vibaya bila kuzima, hutokea, ila ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Iweke mwisho kabisa.

*Ukiamua kufungua mwenyewe:* zima laptopu kabisa, usiiache kwenye Sleep. Chomoa chaja, toa betri, au kama betri iko ndani, chomoa kiunganishi chake kabla ya kugusa kitu kingine. Betri ikiwa imevimba, rudisha kava taratibu na uende kwa fundi. Usiibonyeze wala usiichokore. Gusa chuma kisicho na rangi ili umeme wa mwilini utoke. Vichwa vya nyaya vishike kwa ukucha au kipande cha plastiki, uinue wima. Koleo huving'oa pamoja na kitundu cha kadi. Viunganishi hivi vimeundwa kwa kutolewa na kurudishwa takriban mara 30 katika maisha yake, kwa hiyo usivijaribujaribu. Kichwa kikikataa kuingia, usikilazimishe. Kitazame upya kwa mwanga wa simu, kwa kawaida kimekaa upande.

Ishara imejaa lakini kurasa hazifunguki

Kama unakaa kwenye ghorofa za Pipeline, Roysambu au Zimmerman, hesabu mitandao inayoonekana kwenye simu yako. Ishirini, thelathini. Yote hiyo ikiwa kwenye GHz 2.4 inagombania nafasi inayotosha chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Laptopu inamsikia ruta wako vizuri, lakini inawasikia na majirani wote, na kila mmoja lazima angoje zamu.

Jambo la kwanza ni kuhamia GHz 5. Ruta nyingi hutoa mtandao wa pili wenye jina linaloishia na 5G (hauhusiani na 5G ya simu, ni bendi tu). Unauona kwenye simu ila kwenye laptopu haupo? Andika:

netsh wlan show drivers

Tafuta mstari wa Radio types supported. Ukiona b, g na n peke yake, bila a, ac wala ax, kadi yako ni ya GHz 2.4 tu, na hapa sina shaka: badilisha kadi. Hii ndiyo hali ambayo kadi mpya huleta tofauti unayoisikia siku hiyo hiyo.

Lakini nikwambie ukweli wote. GHz 5 ina nafasi zaidi na kasi zaidi, ila hutoboa ukuta kwa shida zaidi kuliko GHz 2.4. Kadi mpya inaweza kukupa mwendo mzuri sebuleni na bado ikarudi GHz 2.4 chumbani. Ndiyo sababu nataka kadi ya bendi zote mbili, na antena zote mbili zimeshikwa.

Kama huwezi kuhama bendi, ingia kwenye ukurasa wa ruta uchague mwenyewe 1, 6 au 11, ile isiyo na majirani wenye nguvu. Usichague 3 au 8 ukidhani umepata nafasi katikati. Utagongana na pande zote mbili.

Inakatika kila baada ya dakika chache, kisha inarudi

Anza na umeme. Kwenye Device Manager bonyeza kadi mara mbili, fungua Power Management, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa nguvu. Ikiwa laptopu inakatika ikiwa kwa betri tu na ikiwa kwa chaja inatulia, karibu utakuwa umemaliza hapo.

Kisha tazama ulichochomeka. Diski ya nje ya USB 3.0 iliyo karibu na antena, au waya wake usio na ngao nzuri, hutoa kelele kwenye GHz 2.4, Intel wenyewe walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012. Chomoa diski, subiri dakika kumi. Ikitulia, hamishia diski upande wa pili wa laptopu au hamia GHz 5.

Draiva ni ya tatu. Chukua ya tovuti ya mtengenezaji wa laptopu au wa kadi, usichukue kwenye programu zinazoahidi kusasisha kila kitu kwa mbofyo mmoja. Zimeniletea mashine zilizojaa takataka. Kama shida ilianza baada ya Windows kujisasisha, kitufe cha Roll Back Driver ndicho cha kujaribu kwanza.

Kadi ikitoweka kabisa kwenye orodha au ikionyesha Code 10 (kifaa kimeshindwa kuanza), hasa baada ya stima kupotea na kurudi, zima mashine, chomoa chaja, toa betri inayotoka, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, kisha washa. Na usisahau swichi: baadhi ya Dell Latitude na ThinkPad za zamani zina kitelezi cha Wi-Fi ubavuni au mbele, na HP nyingi zina taa kwenye kitufe cha Wi-Fi inayogeuka rangi ya chungwa redio ikiwa imezimwa. Usione aibu kukiangalia, begi hukisukuma.

Kadi mpya imewekwa, haionekani, au laptopu imegoma kuwaka

Soma sehemu hii *kabla* ya kutoa pesa.

Laptopu ikiwaka na kuandika 1802 juu ya kadi isiyoruhusiwa, una ThinkPad ya enzi za T430 au X230. Ikiandika 104 na kulalamikia kifaa cha Wi-Fi kisichokubalika, una HP ya miaka hiyo. BIOS yake (programu inayoiamsha mashine) ina orodha ya kadi inazozikubali, nyingine inazikataa hata ziwe nzima. Toa kadi, itawaka. Suluhisho safi ni kununua kadi iliyo kwenye orodha ya mtengenezaji, yenye namba ya kipuri inayolingana na modeli yako. Kuna wanaokuuzia huduma ya kubadilisha BIOS. Usifanye mwenyewe: kosa moja na mashine haiwaki tena. Dell kwa kawaida hazina kizuizi hiki, na laptopu za miaka ya karibuni nyingi hazina.

Kosa la pili ni kununua kadi inayoingia kwenye soketi lakini haizungumzi lugha moja na mashine. Intel AX201 na AX211 zinafanana kwa umbo na AX200 na AX210, ila mbili za kwanza zinategemea sehemu ya redio iliyo ndani ya prosesa za Intel za karibuni. Ukiziweka kwenye mashine ya AMD au Intel ya zamani, hazionekani kabisa. AX200 na AX210 ni kadi kamili, zinakubali Intel na AMD. BE200 ya Wi-Fi 7 imeundwa kwa ajili ya mifumo ya Intel. Mwenye AMD asiiguse.

La tatu ni umbo. Mashine za kabla ya 2013 hivi zina soketi ya mini PCIe, zilizofuata zina M.2 ya milimita 22 kwa 30. Vichwa vya nyaya navyo vinatofautiana: vya M.2 ni vidogo kuliko vya mini PCIe, na havibadilishani. Piga picha kadi ya zamani pande zote mbili, na nyaya zake, uende nayo dukani. Picha hiyo inazuia makosa kuliko maelezo yoyote.

Kuna pia laptopu nyembamba ambazo kadi imelehemiwa ubaoni, kama XPS 13 za kuanzia 9370. Hakuna cha kubadilisha hapo. Usikubali mtu akuambie ataichomoa kwa joto.

Kama kila kitu kinalingana na bado haionekani: AX200 na AX210 hazina draiva rasmi ya Windows 7, na AX210 inataka Linux yenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.10 au zaidi.

Basi ninunue ipi?

Kwa M.2, mashine yenye Windows 10 ya biti 64 au mpya zaidi, mimi huweka AX210 au AX200. Kwa mini PCIe isiyo na kizuizi cha BIOS, Intel Dual Band Wireless-AC 7260 ya umbo la HMW (mini PCIe fupi) bado inafanya kazi vizuri: bendi mbili, antena mbili. Kwa mashine ambayo haifunguki, ina kizuizi, au bado ina garantii, adapta ya USB yenye antena ya nje ndiyo jibu bora. TP-Link Archer T3U Plus ina bendi mbili na antena inayosimama. TL-WN722N inajulikana sana mjini, lakini ni ya GHz 2.4 tu.

Faida kubwa ya adapta ni kwamba antena inahama. Ichomeke kwenye waya wa USB wa mita moja au mbili, uitundike karibu na mlango au dirisha, mbali na diski za USB 3.0. Mara nyingi njia hii hushinda kadi yoyote ya ndani.

Zile adapta zinazonadiwa kwa wati nyingi ziache. Nguvu ya kutuma humsaidia ruta akusikie wewe. Haikusaidii wewe kumsikia ruta. Mazungumzo yana pande mbili.

Hata simu haishiki

Hapa tatizo ni ukuta. Nyumba nyingi za Nairobi zimejengwa kwa mawe ya Ndarugo, slabu ni zege yenye vyuma, na milango ya nje ni chuma kitupu. Chuma hakitobolewi, wimbi hurudi lilikotoka. Chumba cha mabati nyuma ya nyumba kubwa kinaweza kuwa mita nane kutoka kwa ruta na bado kisione kitu.

Anza kwa kuhamisha ruta. Nyingi nimezikuta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, au sakafuni pale fundi wa fiba alipoishia. Iinue iwe juu ya kimo cha mtu, mahali ambapo mstari wa kwenda chumbani unapita kwenye mlango wa mbao badala ya ukuta. Katika nyumba ya vyumba viwili hilo peke yake mara nyingi linatosha.

Ikishindikana, vuta waya wa mtandao hadi chumbani, unabeba mpaka mita 100, uuchomeke kwenye laptopu au kwenye ruta ya zamani. Ruta hiyo ya pili iunganishe kwenye tundu lake la LAN, uzime DHCP yake (huduma inayogawa anwani za mtandao), na uipe chaneli tofauti na ya kwanza. Kisha rudia ile amri chumbani, ulinganishe na namba ulizoandika mwanzoni.

Kama Wi-Fi ni ya ploti na ruta iko kwenye korido chini ya ulinzi wa keateka, usiiguse wala kuihamisha. Mwonyeshe namba zako, za mlangoni na za ndani, umwombe mwenye mtandao aje na kifaa cha ghorofa yenu. Na kabla ya kutoboa ukuta wa nyumba ya kupanga ili kupitisha waya, pata ruhusa, kisha mwite fundi wa umeme akuonyeshe nyaya za stima zinapopita.